Namna ya kuzuru magofu ya Kilwa Kisiwani

Nafundisha historia hapa Kilwa Masoko, na kila mwaka huvuka na wanafunzi wa kidato cha pili kwenda kisiwani. Wageni wengi nawaona wakishuka, wakipiga picha mbili tatu za Gereza, ile ngome kongwe ya ufukweni, kisha wanarudi. Inaniuma. Kisiwa kile kinamweleza mwanadamu na dini yake vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kuingia nacho darasani, ila kinataka mtu aliyetulia. Tenga saa nne au tano.

Kibali kata Masoko kabla hujavuka, na uchukue mwongoza wageni wa hapahapa. Mashua ya tanga inatosha. Mwenye haraka apande boti ya injini. Vuka asubuhi, na umuulize nahodha habari za maji, maana yakiwa yamekupwa utashuka mbali na kutembea kwenye tope. Beba maji ya kunywa, kofia na viatu vya kufunika vidole. Mwanamke achukue kanga ya kujitanda, mwanamume avae suruali ndefu. Kisiwa kina wenyewe: wanalima, wanavua, wanaswali, na magofu yamo katikati ya makazi yao. Salimia kwanza, picha omba baadaye.

Mashua itakushusha karibu na Gereza. Lipite, utalirudia. Nenda Msikiti Mkuu.

Upande wa kaskazini, penye kibla, ndio wa kale. Ulianza kujengwa karne ya 11. Kusini, penye matao na makuba, paliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sogelea ukuta uutazame. Ni matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kuna waliochimba mawe, waliokata kuni, waliokesha wakilinda moto. Majina yao hayapo popote. Jina la sultani lipo mpaka kwenye sarafu, na moja ya sarafu zake imeokotwa Great Zimbabwe, kwenye njia ya dhahabu iliyompa utajiri.

Sasa kaa chini. Hapa ndipo ninapowasimulia wanafunzi safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anasema sultani huyu aliitwa Abu al-Mawahib, yaani mtu wa kutoa sana. Siku moja ya Ijumaa, akitoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamkabidhi zile. Watu wakashangilia unyenyekevu wake.

Wanafunzi hufurahi mpaka hapo. Nawaambia hadithi haijaisha. Mtoto wa sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nyamaza kidogo hapo, kama mimi ninavyonyamaza. Watu ishirini walitolewa sadaka. Msafiri aliyeyaandika haya alikuwa mcha Mungu na mwanachuoni, na aliyaandika kwa kusifu. Anaeleza pia kwamba sultani alikuwa akivamia watu wa bara, na katika ngawira alitenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, akawapa masharifu, wazao wa Mtume, fungu lao. Mimi siamini kwamba sultani alikuwa mnafiki. Naamini aliswali kwa moyo wote na akatoa kwa moyo wote, na wale ishirini hakuwaona. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo ninalotaka mtoto aondoke nalo.

Ukitoka hapo, fuata pwani kuelekea mashariki mpaka Husuni Kubwa. Njia ina jua. Jumba lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazamana na bahari, na wachimbaji wa mambo ya kale wanaona halikumalizika kujengwa. Keti ukingoni mwa birika ukumbuke alichosema Daudi, ndugu wa sultani aliyemrithi, kila alipojiwa na maskini: mtoaji amekufa, wala hakuacha cha kutoa.

Ukirudi, pitia Makutani, kasri la masultani wa karne ya 18. Usikae sana, ila jua kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka.

Mwishoni ingia Gereza. Kuta unazoziona nyingi ni za wakati wa Waomani, lakini Wareno ndio waliotangulia kujenga ngome hapo, mwaka 1505. Walipouteka mji, mapadri walishuka na misalaba miwili wakiimba kumshukuru Mungu. Msalaba ukawekwa kwenye kasri, kamanda Francisco de Almeida akasali, na baada ya sala wakaanza kupora. Neno lenyewe gereza linatokana na igreja, neno la Kireno la kanisa. Simama mlangoni ulitamke polepole. Nawaambia wanafunzi Waislamu wasiwacheke wenzao Wakristo hapa, maana tumetoka msikitini sasa hivi.

Pepo za alasiri huchafua bahari, basi uwe ufukweni mapema. Tukisubiri mashua, kila mwanafunzi huandika ukurasa mmoja juu ya mtu asiye na jina aliyewahi kuishi kisiwani. Nawe jaribu, hata kama ni nyuma ya tiketi. Wengi humchagua mchoma chokaa. Mwaka jana binti mmoja aliandika juu ya mmoja wa wale ishirini, akiwa nje ya msikiti Ijumaa ile, akisikia watu wanashangilia na hajui bado wanashangilia nini.