Kabla Hujajaza SHA Ukiwa Huna Kazi

Kazi ikiisha, bima ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya hapa Kenya) haikungoji. Ulipokuwa kwenye mshahara, mwajiri alikata asilimia 2.75 ya mshahara akapeleka mwenyewe. Ukishatoka unapimwa uwezo wa nyumba yako, halafu unatakiwa ulipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa hivyo, kabla hujabonyeza *147#, namba ya kujisajilia kwa simu:

Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe karibu. Mwajiri wa zamani akuonyeshe kwamba makato ya mwezi wa mwisho yalipelekwa. "Tulituma" ya mdomo usiikubali.

Sasa hili la upimaji. Wengi hudhani ukisema huna kazi, basi utalipa kidogo. Fomu inataka kujua paa ni la nini, ukuta ni wa nini, choo ni cha aina gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna mifugo gani, mko wangapi. Mapato yako yanakisiwa kutokana na majibu hayo.

Kuna dada mmoja wa Kaptembwo, hapa Nakuru, aliyeachishwa kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Anaishi chumba kimoja cha mabati na watoto wawili, choo ni cha ploti nzima. Aliingia saiba, lile duka la kompyuta, akampa kijana wa hapo kitambulisho, akaketi kwenye benchi kupiga simu. Kijana ana foleni. Akamuuliza tu, "Nyumbani ni wapi?" Akajibiwa Molo, kwa wazazi. Yaliyobaki kijana akajijazia: nyumba ya mawe, stima, ng'ombe watatu wa maziwa. Ng'ombe wa babake! Ikatoka zaidi ya shilingi 900 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akikwepa mwenye nyumba atazitoa wapi za mwaka? Akaachana nayo.

Kisha mtoto wake mdogo akashikwa na homa ya mapafu. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hukutibu bila malipo ukishasajiliwa, lakini huyu alihitaji kulazwa hospitali kubwa, na huko ada lazima iwe imelipwa. Bili ililipwa kwa mchango wa majirani. Baadaye yule dada alienda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, akaomba apimwe upya, kiwango kikashuka. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo.

Basi jibu mwenyewe, au keti karibu na huyo kijana ukitazama skrini. Taja nyumba unayolala na watu unaowalisha, boma la wazee liache. Wala usijifanye maskini kuliko ulivyo. Kudanganya humo ni kosa la kisheria. Kiwango kikitoka, kipige picha.

Ukisikia Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipia ada kidogo kidogo, jua ni mkopo, utaulipa. Ule mpango wa serikali kuwalipia wasiojiweza, uliozinduliwa Oktoba 2025, ni wa familia zilizoonekana maskini zaidi, kwa hivyo usikae ukingoja jina lako kama hata maswali hujajibu. PIN ya simu usimpe mtu, hata awe na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Na anayepita mtaani na daftari akisema "leta soo mbili (shilingi 200) nikushushie kiwango", mfungie mlango.