Kamera za maduka na nyumba za wageni: kagua waya kwanza
Wenye maduka na nyumba za wageni Malindi, Watamu na Mambrui, kabla hamjang'oa kamera za zamani, mwambieni fundi apime ule waya wa koaksia, yaani waya unaoleta picha kutoka kamera za zamani. Ukiwa mzima, zipo rekoda zinazopokea kamera za zamani na za mtandao pamoja, mkabadilisha kidogo kidogo kadiri ya mfuko.

Kamera mpya ziwe zinazofuata ONVIF, kiwango cha pamoja cha kamera za mtandao, ili chapa tofauti zisikilizane kwenye rekoda moja.

Diski ndiyo inayowaponza wengi. Kamera moja ikirekodi kwa Mbps 4 (megabiti 4 kwa sekunde) usiku na mchana hula GB 43 hivi kwa siku. Kamera 8 zinajaza diski ya TB 4 (GB 4,000) kwa siku 11 tu! Rekodini palepale dukani kwa H.265, mfumo unaobana video ichukue nafasi ndogo, na simuni mvute picha nyepesi, bando lisiwaishie.

Halafu chumvi, jamani. Nilifungua kiungo cha kamera inayotazama bahari nikakuta pini zimeota kutu ya kijani. Viungo viingie kwenye boksi lisilopitisha maji, na waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo.