Somo: Mala mfukoni, uzi mkononi, na jinsi ya kuvifanya vikukumbushe

Jai Shri Krishna, ndugu zangu.

Wiki hii nimeulizwa mara tatu jambo lile lile: "Nimenunua mala, sasa nifanye nini nayo?" Mala ni uzi wa shanga za kuhesabia mantra, yaani maneno matakatifu tunayoyarudia. Wa kwanza ameitundika kwenye kioo cha gari. Wa pili anaivaa juu ya fulana kama kidani. Wa tatu yake bado imo kwenye mfuko wa plastiki aliopewa dukani. Basi leo tuanzie mwanzo. Mimi si pujari, yaani kuhani wa hekalu. Ni muuza vyuma wa Mombasa, nimezaliwa katika nyumba ya Kigujarati inayofuata njia ya Vallabhacharya, mwalimu wa ibada ya Krishna, nimevaa kanthi, mkufu mdogo wa shanga, tangu utotoni, na makosa mengi nitakayowaonya hapa nimeyafanya mwenyewe.

Kwanza lishikeni neno smarana, yaani kukumbuka. Bhagavata Purana, kitabu chetu kitakatifu, inapotaja njia tisa za bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, kusikia ni ya kwanza, kuimba ya pili, kukumbuka ya tatu. Vitu tunavyovaa na kubeba viko kwa ajili ya hiyo ya tatu. Jirani akiuona uzi mwekundu mkononi mwako atauita hirizi, na simlaumu, pwani yetu ina hirizi kila kona. Ila hirizi wanasema hufanya kazi hata mwenyewe akiwa amelala. Mala usipoishika haifanyi lolote.

Hatua ya 1: Chagua kimoja

Kimoja tu. Najua duka la vifaa vya puja, yaani ibada, linavyovuta, unaingia kununua ubani unatoka na nusu ya kabati. Nimeona vijana wana rudraksha shingoni, tulsi juu yake, pete tatu, nyuzi tano mkononi. Waulize wamekumbuka nini tangu asubuhi.

Vya kuchagua ni hivi. Kanthi ni mkufu mdogo wa shanga za mti wa tulsi, unaokaa kooni usiku na mchana; huvaliwa na wafuasi wa Krishna na Vishnu, wenzetu wa madhehebu ya Swaminarayan wakiwemo. Tulsi, kwa mliokuwa hamjui, ni ndugu wa mrehani na kivumbasi chetu. Ukifikicha jani lake utaitambua harufu mara moja. Rudraksha ni mbegu ya mti unaomea Nepal na Indonesia, yenye mifereji inayoigawa katika nyuso. Ya nyuso tano ndiyo ya kawaida, na huvaliwa zaidi na wafuasi wa Shiva. Uzi mwekundu wa mkononi sisi Wagujarati tunauita nadachadi, Wahindi wa kaskazini huuita kalava au mauli. Mwisho kuna japa mala, ya shanga 108, ambayo ni ya kuhesabia na haivaliwi.

Janeu, ule uzi wa nyuzi tatu unaotoka bega la kushoto kwenda chini ya kwapa la kulia, siuweki kwenye orodha. Huo mtu huvishwa kwa sherehe na kwa mafundisho yake, haununuliwi ukavaliwa.

Kama huna mwalimu wa kukushauri, anza na japa mala ya mfukoni. Haina masharti mengi na hakuna atakayeiona.

Hatua ya 2: Nunua kwa macho

Tulsi ya bandia ni mti wowote uliopakwa rangi. Ichovye shanga moja kwenye kikombe cha maji meupe usiku kucha. Maji yakiamka ya kahawia kama chai ya rangi, umeuziwa rangi. Kwa rudraksha, usidanganyike na jaribio la kuizamisha, maana hata mbegu halisi ikikauka sana huelea. Angalia mifereji: inapaswa kutoka tundu hadi tundu bila kukatika, na isiwe na mng'ao wa gundi. Muuzaji akikuambia ana ya nyuso nyingi za ajabu kwa bei ya kuuza ng'ombe, mwachie. Ya nyuso tano ni ya bei ndogo na inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Iweke mbele ya Thakorji kwanza

Ukifika nayo nyumbani usiivae. Ioshe kwa maji safi, ukiwa na tone la maji ya Ganga vizuri zaidi, iweke miguuni pa picha au sanamu ya Thakorji, yaani Krishna, washa taa ya samli, iache mpaka kesho. Huna madhabahu? Mpe pujari wa mandiri, yaani hekalu, aigusishe miguu ya murti, sanamu ya ibada. Kanthi ya tulsi ni tofauti kidogo, hiyo hufungwa na guru, mwalimu wa kiroho, pamoja na mantra. Mimi nilipewa mantra ya silabi nane, Shri Krishna sharanam mama, maana yake Krishna ndiye kimbilio langu. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni siri, nikamnong'oneza mwenzangu darasani hata hivyo.

Uzi wa mkononi ukifungwa, mwanamume na msichana asiyeolewa hutoa mkono wa kulia, aliyeolewa hutoa wa kushoto. Unakunja ngumi, mkono wa pili unauweka juu ya kichwa. Mwenye kufunga anazungusha na kusoma. Usichomoe simu kupiga picha.

Hatua ya 4: Ifunge na tendo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana kitu cha mwilini kinazoeleka haraka. Baada ya wiki mbili ngozi haikisikii tena, kama saa ya mkononi. Kwa hiyo ukipe tendo moja la kila siku ambalo huwezi kulikwepa, na kila ukilifanya, mkono uguse na mdomo useme.

Langu ni kufuli la duka. Asubuhi nikiingiza ufunguo, mkono wa kushoto unagusa kanthi, nasema mantra mara moja, ndipo navuta shata. Jioni vivyo hivyo. Ni sekunde tatu. Lakini mteja wa kwanza akija na ubishi wake wa bei ya misumari, bado lile neno liko mdomoni, na nimegundua asubuhi hizo huwa sipandishi sauti. Siku nikichelewa nikafungua kwa pupa, najijua.

Dereva anaweza kushika kwenye kuwasha gari. Mwenye mtoto mchanga, kila anapombeba. Mwanafunzi, anapofungua daftari. Msichague "kila nikipata nafasi", nafasi hiyo haiji.

Hatua ya 5: Kuhesabu

Mala ina shanga 108 na moja kubwa inayotokeza, meru. Inakaa ndani ya mfuko wa kitambaa uitwao gomukhi, mdomo wa ng'ombe, wenye tundu dogo la kutolea kidole cha shahada. Kidole hicho hakigusi shanga, ndiyo sababu ya tundu. Shanga inalala juu ya kidole cha kati, dole gumba linaivuta kuelekea kwako. Mantra moja, shanga moja. Ukifika meru usiivuke. Geuza mala, urudi ulikotoka.

Wenzetu wa Hare Krishna waliopewa diksha, yaani kuingizwa rasmi na guru, husoma mizunguko 16 kwa siku, yaani mantra 1,728, na hiyo kwa mzoefu ni karibu saa mbili. Wewe unayeanza soma mmoja. Dakika kumi. Ukiwa kwenye matatu na huna mala, vidole vinne vina pingili 12. Zihesabu kwa dole gumba mara tisa, utapata 108.

Hatua ya 6: Kuitunza

Adui wa mala pwani ni jasho na chumvi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye feri ya Likoni, mkono mfukoni, uzi wa pamba ukakatika. Niliuona umeoza wiki nzima nikapuuza. Nilipotoa mkono shanga zikamwagika kati ya miguu ya watu na magurudumu ya mikokoteni. Mzee mmoja wa kanzu aliinama pamoja nami, akaokota kwa utaratibu huku midomo ikitembea, akanijazia kiganja. "Tasbihi yako hii mbona ndefu sana?" Nikamwambia yake ina 99, yangu 108. Akacheka, akasema basi nyinyi mna deni kubwa zaidi. Nilifika nyumbani na shanga 106, mbili zikabaki na bahari.

Kwa hiyo badilisha uzi mara moja kwa mwaka kabla haujakukatikia, tumia uzi imara, na piga fundo kati ya shanga na shanga ili ukikatika upoteze moja tu. Usiingie nayo chooni, isiguse sakafu, usiilalie. Kanthi ya shingoni ni tofauti, hiyo haivuliwi. Unaoga nayo, halafu unaikausha kwa taulo.

Hatua ya 7: Ikichakaa

Usitupe jaani. Shanga na uzi wa pamba vizike kwenye chungu cha mtulsi au chini ya mti ambao watu hawakanyagi. Wengi hupeleka baharini, ila tafadhali, nyuzi za nailoni na za kumetameta zisiende kwa samaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mimi ni mvuvi na mboga yangu ni samaki. Naweza kuvaa kanthi ya tulsi?

Kaka, nitakuambia kama ilivyo. Kanthi ya tulsi kwa desturi huenda pamoja na kuacha nyama, samaki, mayai na pombe. Kuivaa huku sufuria ya changu iko jikoni ni kujiwekea mgogoro shingoni. Lakini jina la Bhagwan, yaani Mungu, halina sharti hilo. Beba mala mfukoni, soma mzunguko mmoja kabla ya kushusha ngalawa. Kanthi itakuja wakati wake, au isije.

Swali (Nakuru): Mama yangu ni Mkristo, ameuona uzi akalia, akadhani nimeenda kwa mganga.

Pole, dada. Usimpe mhadhara wa Kisanskriti. Mkumbushe rozari ya bibi, kama alikuwa nayo, mwambie kazi ni hiyo hiyo, kuhesabu sala. Na ikiwa uzi unamuumiza kila akikutazama, uvue ukienda kwake. Uzi wa nadachadi si kiapo. Heshima kwa mama nayo ni dharma, yaani wajibu wa dini.

Swali (Nairobi): Bosi anataka nifiche kanthi, anasema inatisha wateja.

Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu hawezi kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Hiyo uijue. Lakini kanthi ni ndogo, kola ya shati inaifunika, na wewe ndiye unayepaswa kuisikia, si wateja. Kwenye mashine zinazozunguka ni jambo jingine kabisa: karakana ikikataza mikufu, tii, usije ukanyongwa nayo.

Swali (Dar es Salaam): Nikiwa kwenye hedhi niache mala?

Nyumba zinatofautiana. Kwetu wanawake hawagusi madhabahu siku hizo, na mama alikuwa akisoma kwa vidole. Mandiri ya Hare Krishna huwaambia waendelee na japa kama kawaida. Fuata mwalimu wako. Ninachojua ni kwamba hakuna mahali nilipofundishwa kwamba jina lenyewe liachwe.

Swali (Kisumu): Nina nyuzi saba mkononi, kila puja wananifunga mpya. Nikate?

Kata sita, ule mpya zaidi uache. Nyuzi za zamani zenye jasho zinaota ukungu, na ngozi ya kifundo inawasha. Usitumie meno, kata kwa mkasi, uzike kwenye chungu.

Swali (Mombasa): Zile shanga mbili zilizopotea Likoni, ulizijazia?

Nilizijazia. Binti yangu alitoa mbili kwenye kanthi yake ya zamani. Ni ndogo kuliko zingine, ziko ya 53 na ya 54, na kila siku dole gumba likizifikia linajua tumefika katikati.