Sadaka ya mbwa kwa nyumba isiyofuga mbwa

Kwetu Kigamboni hatufugi mbwa, na sidhani kama tutafuga. Mama mkwe anaishi nasi, mkeka wake wa kuswalia haukunjwi, na mbwa wa jirani akikatiza uani tu anaitisha maji. Hata hivyo huu ni mwaka wa nne tunatoa kila mwezi kwa kituo kimoja kinachookota mbwa wa mitaani. Wanaosikia huniuliza kama inaruhusiwa, kisha wananiuliza tunafanyaje.

La kwanza nalimaliza haraka. Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akapanda nacho amekiuma kwa meno, akamnywesha, Mungu akamsamehe. Mimi nilikuwa nimejipanga kumshawishi mama mkwe kwa maneno mengi, kumbe yeye ndiye aliyenisimulia kisa hicho kabla sijafika katikati. Alichonisahihisha ni kimoja tu: zaka ina mafungu yake manane, na mbwa hayumo. Kwa hiyo chetu kinatoka kwenye sadaka, zaka ya mume wangu haiguswi. Ninyi wa fungu la kumi mtaulizana na wachungaji wenu.

Sasa namna ya kufanya. Chukueni kopo la maziwa ya unga, mlitoboe kifuniko, mliweke mahali ambapo kila mtu anapita. La kwetu liko juu ya friji. Mtoto mkubwa anatia mia mbili mia mbili za chenji ya dukani, mdogo aliwahi kutia kifungo cha shati. Mume wangu anatia akirudi soko la samaki la Feri siku samaki walipotoka vizuri. Mwisho wa mwezi tunahesabu pamoja, na likipungua mimi najazia lifike 30,000. Kiasi chetu ndicho hicho, hakijapanda. Chagueni kiasi ambacho hata mwezi wa ada za shule hamtashindwa, kwa sababu kituo kinapika kila siku. Picha ya mbwa aliyegongwa na gari ikisambaa, hela zinamiminika wiki moja, halafu kimya miezi mitatu. Mbwa wenyewe wanakula hiyo miezi mitatu yote.

Kabla hamjatuma hata senti, nendeni mkaone. Hili nimelilipia. Mwaka wa kwanza nilitumia mtu 20,000 kwa picha ya mbwa aliyevunjika mguu. Kwenye simu lilitokea jina la mtu binafsi nisiyemjua, nikalipuuza kwa haraka ya huruma, nikabonyeza namba ya siri. Wiki mbili baadaye nikaiona picha ileile, mguu uleule, namba nyingine, na mji mwingine kabisa. Siku hizi nataka jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo liwe la kituo chenyewe, na nataka kuona cheti chao cha usajili. Mkifika hapo ombeni daftari: wangapi wameingia mwezi huu, wangapi wamepata kwao, wangapi wamekufa. Anayewaambia kwake hafi hata mmoja, muageni kwa adabu. Watoto wa mbwa wanaokotwa jalalani tayari wana pavo, ugonjwa wa virusi vya mbwa, wanahara damu, na wengine hawavuki siku ya tatu hata kwa dripu. Kituo chetu walitusomea idadi ya vifo bila kuulizwa mara mbili, nami nikajua nimefika.

Hela ikitumwa, semeni ni ya nini. Sisi tumeng'ang'ania mambo mawili: kufunga kizazi majike, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Jike wa mtaani anapata joto la kupandwa kama mara mbili kwa mwaka, anabeba mimba kiasi cha miezi miwili tu, anashusha watoto watano, sita, nane. Ukiokoa wale wanane ukamwacha mama yao, utarudi palepale jalalani. Chanjo nayo ni ya mbwa na ni ya watoto wetu pia, maana karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa, 99 kwa mia, chanzo chake ni mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja 70 katika kila mbwa 100 wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo maana sina raha nikisikia mbwa wa mtaa fulani wamepigwa risasi wote. Waliochanjwa wanakufa pamoja na wasiochanjwa, na baada ya muda wanaingia wengine ambao hakuna anayejua habari zao.

Bei za daktari wa mifugo sizitaji, zinatofautiana. Ombeni risiti ya jike mmoja mmoja. Tangu tuanze tumelipia 11, na risiti ziko kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto.

Chakula ndipo tulipoaibika. Tulikuwa na maulidi nyumbani, pilau likabaki nusu sufuria. Nikalifunga vizuri, tukapanda bajaji na watoto, tukafika kituoni kama wageni wa heshima. Mama anayewapikia mbwa akafunua, akanusa, akafunika taratibu. Akaniambia, "Dada, asante, hili tutakula sisi." Kumbe kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, na pilau bila vitunguu ni wali tu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha. Akanipeleka kwenye sufuria lake: ugali wa dona, laini kidogo, dagaa wamechemshiwa humo humo, bila chumvi. Anaukoroga kwa mwiko mrefu kama wa shughuli, anauacha upoe kwenye sinia mpaka kidole kikivumilia, ndipo anamega. Tangu siku hiyo tunapeleka unga wa dona na dagaa wakavu. Mume wangu huleta pia vichwa vya samaki, na mpishi anavichemsha hadi miba inalainika.

Vitu vingine ulizeni kwanza. Wao walituomba Jiki, ndoo, mifagio, khanga na mashuka yaliyochakaa. Pavo inakaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haiiui, ndiyo maana Jiki inaisha kuliko unga. Magodoro ya sponji waliyakataa, yanatafunwa usiku mmoja.

Kuhusu watoto na tahara. Wangu wana nguo za kituoni na mabuti yanayobaki kwenye kiroba nje ya mlango. Kikavu kwa kikavu hakinajisi, ila ulimi wa mbwa hauko kikavu kamwe, kwa hiyo tunabeba chupa ya udongo safi. Palipolambwa panaoshwa mara saba, moja ikiwa na udongo, na mdogo anahesabu kwa sauti kama anapiga mnada. Sheria yangu ya pili ni ya hospitali: akikwaruzwa au kung'atwa, hata kidogo, maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha siku ileile kwenye sindano. Hatungojei tuone mbwa atakuwaje. Hapo kituoni yuko mmoja mwenye miguu mitatu, watoto walimwita Tatu, mpaka tulipokumbuka ndilo jina la shangazi yao mkubwa. Limebaki siri ya nyumba.

Mkiwa hamna hela kabisa mwezi huo, ipo tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo kwenye maeneo mengi watu wa idara ya mifugo wanachanja bure. Ulizieni mapema ofisi ya serikali ya mtaa ni uwanja gani. Sisi tunamsaidia mzee jirani kupeleka wake wawili. Beba kamba ngumu, si ya nailoni nyembamba inayokata mkono, na kitambaa cha kumfunga mdomo mbwa mkali. Watoto wa mbwa wawe wametimiza miezi mitatu. Kadi itunzeni, mwakani inarudiwa. Na nendeni alfajiri kabla jua halijapanda: foleni ikikaa juani mbwa wanaanza kugombana, na wenye mbwa wanafuata.