SOMO: Kufunga hesabu za ubia uliokwisha, kabla hamjagawana hata senti

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, nikaona heri niliandike mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linawahusu watu waliochanga mtaji kwa shughuli moja, shughuli ikaisha, na sasa kila mmoja anataka chake. Kama mna mkataba wa maandishi, huo ndio unaotangulia. Haya ni kwa pale mkataba unaponyamaza.

Hatua ya 1. Kubalianeni tarehe ya kufunga na muiandike.

Hatua ya 2. Linganisheni daftari la fedha na taarifa ya benki hadi tarehe hiyo.

Hatua ya 3. Orodhesheni mali, mnaowadai na wanaowadai, pamoja na madeni ambayo ankara zake hazijafika.

Hatua ya 4. Uzeni mali na kusanyeni madeni. Kinachoingia kwenye hesabu ni fedha iliyopatikana, si thamani iliyoandikwa vitabuni, na tofauti ya hizo mbili ndiyo faida au hasara ya kufunga.

Hatua ya 5. Lipeni kwa mpangilio. Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe, kwa hiyo msome polepole. Wanaolipwa kwanza ni wadai wa nje, kisha mikopo ambayo wabia wenyewe waliukopesha ubia, kisha mitaji, na kikibaki kitu ndipo kigawanywe kwa uwiano wa faida. Mpangilio huu umo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi ziliiga. Mwenzangu alikuwa ametia mtaji wa 600 na baadaye akaukopesha ubia 200. Mimi nilitia 300, na faida tulikubaliana kugawana sawa. Baada ya kuuza kila kitu tulikuwa na 1,300, tukawalipa wadai 350, zikabaki 950, nami kwa haraka zangu nikazikata katikati, 475 kila mmoja, tukapeana mikono. Baada ya wiki kadhaa akaja na karatasi ya mkopo yenye sahihi yangu mwenyewe. Hesabu sahihi ilikuwa hivi: 950 toa mkopo wa 200 ni 750, mitaji yetu ilikuwa 900, kwa hiyo hasara ni 150, yaani 75 kwa kila mmoja, yeye apate 525 za mtaji pamoja na 200 zake, jumla 725, nami nipate 225. Nilikuwa nimechukua 250 zisizo zangu na nilishazitumia, nikazirudisha kidogo kidogo kwa aibu. Angalieni basi mambo mawili: mkopo wa mbia si mtaji, hata kama uliingia kwenye akaunti ileile, na hasara hufuata uwiano wa faida, haifuati ukubwa wa mtaji, isipokuwa kama mlikubaliana vingine.

Hatua ya 6. Bakizeni akiba kwa ajili ya ankara zitakazochelewa, wekeni sahihi kwenye hesabu ya mwisho, kisha fungeni akaunti ya benki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ni ndefu sana. Kwa kifupi si tunagawana nusu kwa nusu?

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 5.

Swali: Mwenzangu hakutoa fedha, alitoa kazi tu. Naye ana mtaji wa kurudishiwa?

Jibu: Kama hamkuithamini kazi yake na kuiandika kuwa mtaji tangu mwanzo, hana mtaji wa kurudishiwa, ila sehemu yake ya faida iko palepale, na hasara pia inamhusu.

Swali: Mbona hukutaja uchakavu wa vifaa? Somo lina mapungufu.

Jibu: Kifaa kikishauzwa, bei yake imekwisha kusema yote kuhusu uchakavu. Hatua ya 4 inalieleza hilo, ndugu, halijasahaulika.

Swali: Tuko watatu. Baada ya kugawa hasara, mmoja anadaiwa na ubia naye amefilisika kabisa. Pengo lake linabebwa na nani?

Jibu: Swali zuri sana, na lilikwisha kufika mahakamani Uingereza mwaka 1904, katika kesi ya Garner dhidi ya Murray. Iliamuliwa kwamba wabia wenye uwezo hulibeba pengo hilo kwa uwiano wa mitaji yao, ingawa faida waligawana sawa. Tuseme pengo ni 100, na ninyi wawili mlikuwa na mitaji ya 600 na 400: mmoja atabeba 60 na mwingine 40. Wengi huandika 50 kwa 50, kwa kuwa wanalichukulia pengo kama hasara ya biashara, ilhali ni deni la mbia lisilolipika. Mkitaka iwe vingine, andikeni kwenye mkataba mapema.

Swali: Bidhaa zilizobaki hazina mnunuzi, na kila mmoja wetu anazitaka. Bei tuipateje?

Jibu: Mmoja ataje bei, mwingine achague kununua au kuuza kwa bei hiyohiyo. Atakayezichukua akatwe bei hiyo kwenye mgao wake.

Mwanachama: Naongezea kidogo: laini ya simu ya biashara na nywila zake nazo ziandikwe kwenye orodha ya mali. Sisi tulizisahau, na wateja wakaendelea kumlipa mbia aliyebaki na simu.

Jibu: Ahsante, nimeiongeza kwenye orodha yangu. Na fedha zilizoingia kwenye simu hiyo baada ya tarehe ya kufunga, kwa kazi zilizofanyika kabla yake, ni za ubia.