Kupanua mfumo wa afya wa kidijitali bila kugombana na kila mtu

Mfumo ukiwa kwenye kliniki tano kila mtu ni rafiki yako. Ukifika kliniki mia ndo unajua kumbe mfadhili anataka namba zake, wizara inataka ripoti zake, madevelopa wanataka kuandika kila kitu upya, na nesi anataka tu kumaliza foleni aende nyumbani. Mi nafanya hivi siku hizi, baada ya kuchemsha vibaya mara moja.

Hatua ya 1. Andika kila mtu anaogopa nini. Usiwaulize wanataka nini, watakujibu wote "huduma bora kwa mgonjwa" na hapo hujapata kitu. Mfadhili anaogopa ripoti tupu, wizara inaogopa kuachiwa mfumo hela zikiisha, mgonjwa anaogopa siri yake kuvuja, nesi anaogopa kuandika mara mbili, kwenye rejesta na kwenye tableti.

Hatua ya 2. Hapa ndo penye kazi. Fomu yetu ya kliniki ya wajawazito ilianza ukurasa mmoja, kila mfadhili mpya akaja na "vimaswali viwili vitatu tu" mpaka zikawa kurasa nne, manesi wakaanza kujaza jioni kwa kukumbukia, na presha ya kila mama ikawa 120/80, ile ya kawaida ya vitabuni. Dashibodi inapendeza balaa, data uongo mtupu. Sasa sheria ni moja: swali likiingia lingine linatoka, na anayeliomba aseme nani atasoma jibu na ataamua nini nalo. Halafu shika saa upime. Swali la sekunde 20 kwa wagonjwa 40 ni dakika 13 za nesi kila siku, kwa swali moja! Hesabu hiyo ukiiweka mezani kwenye kikao, maombi mengi yanajifia yenyewe.

Hatua ya 3. Nenda wizarani mapema, sio ukishamaliza. Uganda mwaka 2012 Wizara ya Afya ilisimamisha miradi mipya ya aina hii, maana ya majaribio ilikuwa imejaa na haiongei yenyewe kwa yenyewe. Nchi nyingi zinatumia DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, kwa takwimu za jumla, kwa hiyo mfumo wako upeleke namba huko wenyewe, nesi asiandike tena. Rekodi za mgonjwa mmoja mmoja zifuate FHIR, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya afya kubadilishana data, toka mwanzo, kubadilisha baadaye ni mateso.

Hatua ya 4. Data iwe kwa maandishi: ya nani, seva iko wapi, nani anaona majina. Mfadhili apate jumla tu, na hata jumla inaumbua watu, kijiji chenye wagonjwa wawili kila mtu atawajua, so namba ndogo zifiche.

Hatua ya 5. Hela. Piga hesabu ya kliniki moja kwa mwaka, bando, seva, tableti zinazovunjika, na mafunzo upya maana manesi wanahamishwa kila siku. Sisi kliniki mpya haiwashwi mpaka mstari wa "nani analipa ruzuku ikiisha" uwe na jina na sahihi. Mfadhili mmoja alinuna sana kwa hilo, na zipo kliniki zinasubiri sahihi hiyo mpaka leo.