Somo: Siku ya Kuchora na Kutulia Shamba, Kaskazini mwa Pemba

Wengi wanaoandaa siku za utulivu huanza kwa kuwakalisha watu kitako, wakafumba macho, wakaambiwa wasiwaze kitu. Mtu aliyetoka Chake Chake asubuhi, kichwani ana ada za watoto na deni la dukani, hayawezi hayo. Mimi naanza na mikono. Mpe mtu kazi ndogo ya polepole, na fikra zitapoa zenyewe bila ya kulazimishwa. Somo hili ni la kundi dogo, watu wanane au kumi, upande wa Konde karibu na Msitu wa Ngezi. Ukiwa Unguja unaweza kuligeuza likafaa Jozani.

Kwanza, siku. Msimu wa karafuu usijaribu, maana kila mwenye mikono yuko mkarafuuni na hutapata hata wa kukupikia. Masika nayo karatasi haikauki. Baada ya hapo tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, maji hupwa sana na kwa kawaida huwa kavu kama saa nne asubuhi, ndiyo saa nzuri ya kuingia mikokoni. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukisogeza tarehe, piga hesabu upya.

Pili, ruhusa. Mwone sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hujaleta wageni kwenye shehia yake. Ngezi lipa getini na mtembee na muongozaji wa hapo. Wageni wavae nguo za stara. Hili halina mjadala.

Tatu, matembezi ya kimya. Simu zote ndani ya kikapu, kikapu kwa mpishi. Kisha tunatembea kwa mizani, yaani kwa silabi za shairi. Kila Mzanzibari aliyesoma shairi darasani anaijua hesabu yake: mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Vuta pumzi kwa hatua nne, itoe kwa hatua nne, hapo umepata kipande kimoja. Rudia, umepata mshororo. Mishororo minne ni ubeti, yaani hatua 64. Ukipotea kwenye hesabu, anza ubeti mpya, wala usijilaumu. Beti tano zinatosha kumtoa mtu mjini. Atakayejiwa na maneno njiani ayaweke moyoni, jioni atayaandika.

Nne, rangi. Hapa ndipo pa kukaa sana. Usilete rangi za dukani, siku nzima itageuka darasa la uchoraji na watu wataanza kushindana. Tunatengeneza rangi kwa vilivyopo.

Manjano: saga mzizi mbichi wa bizari ya manjano au tumia unga wake, changanya na maji kidogo na ute wa yai ili ishike karatasi. Gawa mafungu mawili. Fungu la pili tia chembe ya magadi ukoroge. Manjano itageuka wekundu wa matofali mbele ya macho yako, na kundi lote husogea kuchungulia bila ya kuitwa. Wakati huo hakuna anayekumbuka simu.

Zingefuri: pasua ganda, vikande vile vijimbegu kwa kidole na maji, upate rangi ya machungwa. Vaa nguo usiyoionea uchungu.

Udongo wa kinongo, ule mwekundu: twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi mara mbili. Ukiacha chenga, zitakwaruza karatasi.

Nyeusi ndiyo inayotaka maandalizi. Siku chache kabla, tia misumari yenye kutu katika siki, uiache ilale bila ya kuziba kifuniko sana. Siku yenyewe chemsha magome makavu ya mkandaa, aina ya mkoko, mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyokolea. Chora kwa maji ya gome kwanza, halafu pitisha juu yake tone la maji ya msumari. Mstari wa kahawia unaingia weusi polepole, kuanzia ukingoni. Kutu na gome vinapokutana ndiyo huzaa weusi ule.

Tano, kuchora. Kila mtu jani moja, nusu saa. Jicho lifuate ukingo wa jani na mkono uende sambamba nalo, bila ya kutazama karatasi. Mchoro utatoka kombo, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ukiwa Ngezi muombe muongozaji akuonyesheni mpapindi, mnazi-pori ambao kwa asili haupatikani kokote duniani ila Pemba. Hapo msikate kitu, kaeni chini yake mchore.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Wete: Asalam alaykum mwalimu. Hii taamali, huku kutulia na kutafakari, si ibada ya watu wengine? Na kuchora nako wengine wanakukataza.*

Waalaykum salaam. Mimi si wa kutoa fatwa, nakueleza tunavyofanya tu. Hatutamki maneno ya dini nyingine yoyote, anayetaka kuleta uradi wakati wa kutembea analeta, na sala ikiingia kazi inasimama. Kutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi kumetajwa katika Aal Imran, aya ya 191. Kuhusu viumbe wenye roho, watu wana rai tofauti, ndiyo maana nimechagua majani. Asiyetaka hata jani achore nakshi za minyororo na mawaridi kama za milango ya Mji Mkongwe.

*Kutoka Micheweni: Mama yangu angependa kuja lakini anasema hajashika penseli maisha yake yote.*

Mlete, na aje na ukili wake. Tena akikubali kuwafundisha wageni kusuka, mlipe kama unavyomlipa mkufunzi yeyote. Nimeona mahali bibi anasuka kutwa, anapigwa picha, jioni anapewa sukari kilo moja. Si haki.

*Kutoka Mkoani: Mikoko si imekatazwa kukatwa? Wewe unatuambia tuchemshe magome.*

Umenikamata vizuri, sikulifafanua. Mti ulio hai usiguswe. Tafuta nguzo kuukuu za banda lililovunjwa au uliza fundi wa boti, aghalabu ana mabaki. Ukikosa, majani ya chai yaliyochemshwa sana yanafanya kazi ileile na msumari, weusi wake unapungua kidogo tu.

*Kutoka Chake Chake: Karatasi nzito hapa ghali. Nitumie nini?*

Mfuko wa saruji. Una matabaka, chukua la ndani lisilogusana na saruji, likung'ute na ulifute kwa kitambaa kikavu, kisha ulikate vipande. Rangi za udongo zinapendeza sana juu ya kahawia ile. Jaribu kwanza na manjano pembeni: ikigeuka nyekundu yenyewe bila ya magadi, bado kuna vumbi la saruji, futa tena.